Eda Nyumbani Kwetu

Mama zangu na dada zangu, asanteni kwa kunipisha mbele. Mwenyekiti wetu aliponiambia, "Mwanangu, na wewe utuambie yako, watu wasikie wapate kunusurika," nilikwenda nyumbani nikayaandika. Nikayachana. Nikayaandika tena, nikaona yamekuwa makali, nikayachana tena. Mnanijua. Mimi nikiulizwa chai au kahawa hufikiria kwanza nani ataudhika nikichagua chai. Basi leo sina karatasi. Nasema kama yanavyokuja.

Sitamtaja mtu. Atakayemjua, kamjua mwenyewe. Na niseme mapema ili nisimdanganye mtu: wengine husimama hapa wakahadithia walivyoumizwa, mwisho wakasema wamesamehe, nasi tukaitikia amin. Mimi nimekuja kushukuru. Kusamehe bado. Nikifika huko nitawapa habari.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nimemaliza chuo, shahada iko ukutani, kazi sina. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nyumba yetu ya Bawshar alikuwa kamwandikia mama tangu yuko hai. Nyumba kubwa, ngazi ndani, ngazi nje, na magoti ya mama yalikuwa yameshaanza kumgomea. Mama akasema tuuze, tununue kijumba cha chini kisicho na ngazi hata moja. Na alikuwa ameshakiona. Kina ua mdogo na mlimau. Siku tuliyokwenda kukitazama alikaa kizingitini, akavua viatu, akasema, "Hapa nitazeekea." Mwenye nyumba akatuahidi kutusubiri mpaka tuuze yetu.

Dalali alikuja mmoja. Akazunguka vyumbani anagonga kuta kama anayenunua matikiti. Alipoondoka mama akasema, "Nyumba hii nimeijua mimi tofali kwa tofali. Leo nimtafute mtu asiyeijua aniuzie?" Tukaamua kuuza wenyewe. Na sikilizeni, ndugu zangu, mpaka leo nasema mama hakukosea. Kuuza bila dalali si kosa. Kosa letu lilikuja kwa mlango mwingine.

Akaja mnunuzi. Mtu wetu khasa. Mjomba aliwajua wazee wake, Unguja walikaa mtaa mmoja kabla hawajahamia huku. Alikuja na mkewe na mama mkwe wake, na bakuli la halua. Mimi nilikuwa na maswali yangu nimeyapanga. Atalipa lini? Tutakwenda lini kubadilisha hati? Je, akibadili nia? Je, sisi tukifikwa na jambo katikati? Nilipofika kwenye swali la mabomba ya maji yeye akaanza kucheka.

"Dada yangu," akasema, "umesoma mpaka elimu imekutia wasiwasi. Sisi watu wa Fatiha. Wa kwenda na mashahidi na mihuri ni watu wasiojuana."

Mama akanifinya paja. Mjomba akainua mikono, tukasoma Fatiha, biashara imekwisha. Akatoa arabuni yake, akasema iliyobaki ataileta kiwanja chake cha Amerat kikishauzika. Halafu, wakati anavaa viatu mlangoni, akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Shangazi, tulipopanga tunatakiwa tutoke mwisho wa mwezi. Na mama mkwe ndiye huyu, mgonjwa. Sijui nimlaze wapi."

Mama akautoa ufunguo kwenye pochi akampa.

Hilo ndilo kosa. Hati jina la mama, nyumba ya mama, na ufunguo kwa mtu mwingine. Mkisahau yote ya leo, hilo msisahau.

Sisi tukahamia Ruwi kwa mama mdogo, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. "Muda mfupi tu," mama akasema. Zile ngazi alizokuwa anazikimbia, sasa akawa anazipanda amekamata ukuta, akifika juu hasemi mpaka apumue. Baadaye akaacha kushuka. Harusi zikampita, maziko yakampita. Akawa anakaa dirishani anatazama magari ya Ruwi, ananiuliza, "Leo tumesikia lolote?" Mimi nampigia simu mnunuzi wetu. Kiwanja kina mteja. Mteja kasafiri. Mteja karudi lakini bei hawajapatana. Nikikata simu nalala nikiyapima maneno yake, neno hili lilikuwa na maana gani, pale alipokohoa alikohoa kwa nini.

Mwishowe akapatikana mwalimu mmoja, mtu wa Bawshar, yuko tayari kununua mara moja. Mama akasema khalas, twende tukamrudishie yule arabuni yake atupe nyumba yetu. Tukaenda. Tukafika mlangoni, tukakuta viatu vya wanawake vimejaa barazani. Ndani wanasoma.

Mama mkwe kafiwa na mumewe.

Nawaambia, mimi nilikuwa nimeyakariri maneno ya kumwambia yule bwana toka Ruwi, yakayeyuka yote. Mama hata hakufikiri. Alivua viatu, akaingia, akatoa pole kama watu wengine. Tukatajiwa jina la marehemu, tukamsomea. Mjane amekaa chumbani kwa mama, juu ya godoro la mama, kajifunika shuka nyeupe. Mnunuzi wetu akatufuata mlangoni tulipokuwa tunatoka, macho mekundu.

"Shangazi, najua mlichokuja nacho. Lakini habari imemkuta humu, humu ndimo anamokaa eda. Nimtoe? Niambieni nyinyi. Mkisema nimtoe, namtoa sasa hivi, dhambi tugawane."

Nani hapa angesema mtoe? Nyinyi mngesema? Mama mkubwa pale, wewe ungesema? Mwanamke yuko edani unamhamisha kama kabati? Miezi minne na siku kumi, mbele yake nani mwenye mdomo? Mama akasema, "Mwache akae. Mungu ampe subira."

Sasa nisikilizeni. Nilipoinama kumbusu mkono yule mjane, shuka ilifunuka miguuni. Nikaona hina. Sisemi hina ya zamani inayofifia kuchani. Hina mbichi, nyekundu, nyayo nzima. Na shuka inanukia udi. Mjane wa edani, aliyekatazwa hina na manukato, mama zangu! Nilipanda gari sijui nicheke au nipige kelele.

"Mama, umeiona miguu?"

"Ya nani?"

"Ya mjane. Ana hina."

"Astaghfirullah! Mtu kafiwa na mume, wewe unamchungulia nyayo? Hicho kichwa chako kitakuja kukuua."

Nikajiambia labda aliipaka kabla ya msiba. Labda udi ni wa wageni. Mtu wa wasiwasi ana shida hii moja: siku anayoona kweli, yeye wa kwanza kutojiamini.

Mwalimu akasubiri, akachoka, akanunua kwingine. Sikumlaumu. Kisha mwenye kile kijumba cha mlimau akatuma salamu kwamba naye ana watoto wake, hawezi kusubiri tena. Mama akaambiwa hivyo. Aligeukia dirisha. Usiku na mchana mimi nikawa sili, nywele zinatoka kwenye chanuo. Nikaitwa kwenye usaili wa kazi, nimevaa vizuri, nimejitayarisha. Wakaniuliza, "Tuambie jambo gumu ulilowahi kulitatua." Nikafungua mdomo nikalia. Nililia mbele ya mabwana watatu wenye vilemba, mmoja akanisogezea sanduku la tishu, na kazi nikaikosa.

Huko ndiko nilikoanguka, ndugu zangu. Chini kabisa. Nikawa nafikiri ni mimi niliyemponza mama, na maswali yangu yote yale kumbe nilikosa kuuliza moja tu: ufunguo atakaa nao nani?

Siku ya kunyanyuka ilikuja kwa kahawa. Mama mdogo alikuwa na mgeni, mwanamke mmoja mcheshi, haupiti msiba asiokwenda. Mimi nimekaa pembeni namenya vitunguu. Mama mdogo anamhadithia taabu yetu, akalitaja jina la marehemu mpaka la ukoo. Mgeni akaweka kikombe.

"Marehemu huyo? Mie nilikwenda msibani kwake. Amerat."

"Labda jina moja tu," mama mdogo akasema.

"Jina moja, na ukoo ule ule? Marehemu huyo huyo. Na mkewe yuko edani kwake huko huko. Nilimwona kwa macho yangu."

Kisu kikanitoka mkononi. "Bibi, alikuwa na wake wawili?"

"Alikuwa na mmoja, na huyo mmoja alimtosha mpaka akafa." Akacheka. "Ukimwona utajua kwa nini."

Mama zangu, toka siku ile mpaka leo sijawahi kuona raha kama ile ya kujua kwamba sina wazimu. Hina ilikuwa hina! Nikamwambia mama. Mama, ambaye alikuwa hashuki tena, akasema, "Nipe viatu vyangu." Alishuka ngazi zile zote bila kukamata ukuta. Mjomba akatupeleka kwa gari, tukavuka milima mpaka Amerat.

Tulimkuta mjane wa kweli. Mwanamke mkubwa wa umbo, sauti inafika nyumba ya tatu, kavaa nguo zake za eda safi zisizo na harufu ya chochote, kucha nyeupe kama punje za mchele. Mama akatoa pole, akahadithia yote, polepole, kwa aibu, maana si jambo jepesi kumwambia mfiwa kwamba kuna mwingine anamlilia mumewe. Yule bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Yule? Anamkalia eda? Mwanangu, yule aliolewa na marehemu akaachwa, talaka tatu, kabla hata mie sijaletewa posa. Binti yake mwenyewe ni wa mume mwingine. Alipokuwa mkewe hakumkalia mwezi mzima bila ugomvi, leo kafa ndiyo anamkalia miezi minne!"

Kisha akaacha kucheka. Uso ukabadilika, nami nikauona ule uso nikajua sasa tumepata mtu.

"Hajaja kunipa pole," akasema. "Mie nna eda ya kweli, nimefiwa kweli, na hajaja. Kalichukua jina la mume wangu kalifanya kufuli la nyumba ya watu." Akamshika mama mkono. "Mie sitoki humu, unajua. Nisubirini. Eda yangu ikiisha, mguu wangu wa kwanza kutoka nje ni huko."

Mjomba alitaka tukamkabili yule bwana siku ile ile. Kwenda kushitaki pia alikutaja. Mama akakataa, akasema mwenye haki ya kusema kwanza ni mjane. Nami nilikubali, na nitawaambia ukweli kwa nini: nilitaka waikalie nyumba ile vizuri. Nilitaka wazoee. Yule mjane wetu alikuwa kaanza kuhesabu siku ile "habari ilipomfika", yaani nyuma ya mwenzake, kwa hiyo wa Amerat angetoka huku wa Bawshar bado amefunikwa shuka. Nilisubiri kwa furaha ambayo sikuijua kwamba ninayo. Kichwa hiki kilichokuwa kinanila kikapata kazi. Nani aalikwe, nani aingie kwanza, nani akae karibu na mlango, chakula gani kisichopoa. Niliwaza yote, na mara hii kila nililowaza lilikuwa na faida.

Nikawaalika wanawake. Wengine mko humu ndani, nawaona mnatabasamu. Nikawaambia, "Twendeni tukamliwaze mjane." Ijumaa baada ya alasiri tukajaa mlangoni kwetu, kila mtu na sinia lake: sambusa, mkate wa kumimina, bokoboko. Mke wa mnunuzi akatufungulia amefurahi, karibuni, karibuni. Mjomba akaingia majlis, sebule ya wanaume, kukaa na bwana mwenyewe, akamwomba kahawa. Sisi tukaenda chumbani. Mjane kakaa juu ya godoro la mama, kainamisha kichwa. Tukamzunguka, tukamwombea marehemu, naye anaitikia amin kwa sauti ya kuchoka.

Halafu akaingia bibi wa Amerat.

Kaoga, kajitia udi mpya wa kutoka eda, mkononi hina imekolea, kwa halali yake. Akasimama katikati ya chumba. "Assalaam alaykum, mjane mwenzangu."

Yule mwingine akainua macho. Nilikuwa nimejipanga nimwone vizuri, na nilimwona. Rangi ilishuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Nimekuja kukupa pole," bibi wa Amerat akasema, akajishusha taratibu akakaa naye goti kwa goti. "Mie nna swali dogo tu. Mume wetu, kakufia na maradhi gani?"

Yule akaanza kuikunjakunja pembe ya shuka.

"Hukumbuki? Basi la pili. Kwenye kuoshwa, nani aliyekuletea habari? Maana walioosha ni ndugu zake, na wote wako kwangu."

"Bibi..." yule akasema, "kila mtu na huzuni yake."

"Huzuni unayo. Nyumba ndiyo huna!"

Dada mmoja pembeni akapaliwa na sambusa. Bibi akanyoosha mkono, akaishika shuka, akaifunua miguuni. Hina. Mpya! Alikuwa anaipaka upya, mama zangu, humo humo edani, kila inapofifia! Chumba kizima kikasema "Lo!" kwa pamoja. Na mama yangu, mpole yule asiyejua kumjibu mtu, akaniangalia mbele ya watu wote akasema, "Mwanangu, nisamehe. Ulikuwa umeona."

Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Sikuhitaji hata moja.

Binti yake, mke wa mnunuzi, akaanza kulia, akasema wageni mtoke. Hapo mama mdogo akafunua sinia lake kwa utulivu akasema, "Sisi tumekuja kuitoa eda, mwanangu. Haitoki peke yake. Nyinyi fungeni vitu, sisi tutakula." Na tukala! Wao wanakunja nguo, sisi tunapakuliana bokoboko. Wao wanafunga masanduku, sisi tunaulizana mapishi. Kila wanapopita na kitu mlangoni, kuna mwanamke anasema kwa adabu, "Poleni." Nilihesabu hizo pole kama mtu anayehesabu tasbihi. Kule majlis, mjomba alimrudishia yule bwana arabuni yake mbele ya mashahidi, asije akasema kadhulumiwa, akapokea ufunguo. Bwana akapita mbele yangu anaelekea garini. Nilimwambia jambo moja tu: "Kaka, huu si wasiwasi. Hii ndiyo elimu."

Mwajua, watu husema kisasi hakina ladha. Walioonja mapema labda. Mimi nimeonja na bokoboko.

Magharibi haijaadhiniwa, nyumba ikawa tupu. Mama akatandua lile godoro akalitupa nje, akafungua madirisha yote.

Baadaye niliiuza nyumba ile mimi mwenyewe, bila dalali. Nilimwonyesha mnunuzi kila ufa. Tukasoma Fatiha pia, maana Fatiha ni baraka, siitupi. Lakini ufunguo nilikaa nao kiganjani mpaka tukatoka ofisini, hati imeshabadilishwa jina, ndipo nikampa. Kiganja kilikuwa kimeingia alama. Mlimau tuliukosa, na hilo ndilo sijalisamehe mpaka leo, maana mama aliutaka. Tulipata kijumba kingine Amerat, hakina ngazi, karibu na yule bibi. Siku hizi wanatembeleana kila asubuhi wakimsengenya marehemu kwa mapenzi. Na mimi kazi nikapata. Waliponiuliza jambo gumu nililolitatua, mara hii sikulia. Niliwahadithia. Walichelewa chakula cha mchana.

Namshukuru Mungu aliyenifunulia shuka ile. Namshukuru mama aliyeomba radhi mbele ya watu wakati hakuwa na lazima. Mama mdogo na ngazi zake, mjomba na gari lake, mgeni yule wa kahawa, na bibi wa Amerat aliyeutoa mguu wake wa kwanza kwa ajili yetu. Na nyinyi mliobeba masinia.

Mnaotaka kuuza au kununua wenyewe kwa wenyewe, fanyeni, msiogope. Ila msione haya kumwuliza mtu wenu maswali ambayo mngemwuliza mgeni. Anayekasirika kwa swali, mwulizeni la pili. Na mkiona kitu kwa macho yenu, msikubali mtu akawaambia hamkukiona.

Nimesikia yule bwana bado anatafuta nyumba. Kama kuna mwenzetu humu anauza, akaja mtu wetu khasa, na bakuli la halua, na mama mkwe mgonjwa, msimfukuze. Mpokeeni vizuri, mkirimuni, kisha nipigieni simu mimi. Nitakuja na wanawake wangu tumpe pole.